Risala ya Umoja wa Wanafunzi wa Vikundi vya Dini kwa Mgeni Rasmi, Hafla ya Kuwaaga Wanaomaliza Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wetu wa dini, wahadhiri, walezi wa vikundi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha leo, Waislamu na Wakristo, kuwaaga wenzetu. Tunajua una majukumu mengi, na bado umeitika wito wetu. Ahsante sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwanafunzi akishafika chuoni hana tena mzazi wa kumwamsha kuswali wala wa kumhimiza kwenda kanisani. Hapo ndipo imani yake inapoanza kuwa yake mwenyewe. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, akiandika na Michael Ross mwaka 1967, alimtofautisha mtu anayeitumia dini na anayeiishi. Yule wa kwanza huifuata kwa ajili ya faraja, marafiki au heshima. Wa pili, imani ndiyo inayomwongoza katika kila jambo. Tofauti hiyo sisi tunaiona kwa macho. Msimu wa mitihani vyumba vya ibada hujaa hadi viatu vinakosa nafasi mlangoni. Matokeo yakitoka, wanabaki wachache. Walioondoka hatuwalaumu. Ila hao waliobaki ndio tunaowaona wakipata sapu, yaani mtihani wa kurudia baada ya kufeli somo, wananyamaza siku kadhaa, kisha wanakuja kuazima notsi na kuanza upya.

Matumaini ya namna hiyo si kujidanganya. Michael Scheier na Charles Carver, waliotoa mwaka 1985 dodoso la kupima mtazamo wa matumaini, waliwafuatilia wanafunzi wa chuo katika wiki za mwisho za muhula. Wenye matumaini walisumbuliwa kidogo zaidi na maumivu na uchovu wa mwili kuliko wenzao. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba anayeamini lengo linafikika haachi kujitahidi. Na mwanafunzi anayeamini kuwa thamani yake mbele ya Mola haipimwi kwa alama ana sababu ya kufungua daftari tena hata baada ya kufeli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, lipo jambo linalotuuma. Imani hiyo hiyo inaweza kumvunja mtu. Kenneth Pargament, aliyetafiti kwa miaka mingi jinsi watu wanavyoikimbilia dini wakiwa na shida, alionyesha kuwa wapo wanaopata nguvu, na wapo wanaojiona wameachwa au wanaadhibiwa na Mungu; hawa wa pili mara nyingi ndio wenye msongo na huzuni zaidi. Tumewasikia wenzetu wakisema baada ya ibada, "Mungu amenikasirikia, ndiyo maana nimefeli." Mmoja wetu alikuwa hali wala halali, akaambiwa na waumini wenzake kuwa imani yake ni haba, azidishe maombi. Aliacha kuja ibadani, akawa anajifungia chumbani peke yake. Ayubu, ambaye dini zetu zote mbili zinamheshimu kwa subira yake, alimlilia Mola wake waziwazi juu ya mateso yaliyompata. Iweje mwanafunzi anyimwe kulia?

Ndiyo sababu tukaanzisha vikao vya kusikilizana, visivyo na mahubiri. Vinasaidia, na wengine wamerudi kwetu kupitia vikao hivyo. Lakini sisi ni wanafunzi, hatukusomea ushauri nasaha, na yapo mazito yanayotuzidi uwezo.

Kwa hiyo tunakuomba utusemee kwa uongozi wa chuo waongezwe washauri nasaha. Tunaomba pia viongozi wetu wa dini wapatiwe semina ya kutambua dalili za sonona, ili wamfikishe mwanafunzi kwa daktari huku wakiendelea kumwombea. Na tunaomba chumba cha faragha, hata kiwe kidogo, kwani kwa sasa tunasikilizana kwenye ngazi za hosteli, na mwenye kulia hunyamaza kila mtu anapopita.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.