Usimsahau Karen

Mpendwa Neema,

Salamu nyingi, na pole na masomo. Nimeisoma rasimu yako. Kuichukua nadharia ya Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, kuhusu namna mtu anavyojifunza uhalifu, ukaipima kwa Goodfellas, filamu ya majambazi ya Martin Scorsese ya mwaka 1990, ni chaguo zuri. Ila kurasa zote umemjazia Henry Hill, mhusika mkuu, na hapo sikubaliani nawe.

Henry anafaa, sikatai. Sutherland anasema uhalifu hufundishwa, na wafundishaji ni watu wa karibu. Henry, mtoto wa Brooklyn mwaka 1955, anavuka barabara tu yuko kwenye kijiwe cha teksi cha kina Paulie, mkubwa wa genge. Anatumwa huku na kule, anaegesha magari ya wakubwa, anauza sigara za magendo. Siku ya kukamatwa mara ya kwanza, genge zima linampokea mahakamani kwa shangwe kama aliyefaulu mtihani, na Jimmy, jambazi mzoefu wa genge hilo, anampa pesa pamoja na somo: usiwachongee rafiki zako, na mdomo uufunge.

Lakini mtahini hatakuacha. Henry mwenyewe anafungua filamu kwa kusema kwamba tangu akumbuke alitaka kuwa jambazi. Basi hamu ilitangulia shule! Unaweza kumjibu kwa Daniel Glaser, mwanasosholojia mwingine, aliyeandika mwaka 1956 kwamba mtu huweza kujifananisha na wahalifu hata kabla ya kukaa nao. Sawa. Na ndugu zake Henry, waliolala nyumba ileile na kuona kijiwe kilekile, mbona wao hawakuifuata njia hiyo?

Ndiyo maana nakwambia umtazame Karen, mke wa Henry. Huyu hakuwa na ndoto yoyote ya ujambazi. Ametoka familia ya Kiyahudi yenye heshima zake. Henry anamponda jirani kwa kitako cha bastola, kisha anamkabidhi Karen bastola ile yenye damu aifiche, naye anakiri kwamba ilimsisimua. Wakishaoana, sherehe, ubatizo, likizo, vyote ni na watu walewale, hakuna mgeni anayeingia. Baada ya muda anasimulia kwamba mambo hayo yalikuwa ya kawaida tu, wanaume wanahangaikia riziki. Polisi wanapekua nyumba, yeye anawakaribisha kahawa! Mwishoni anamwaga kokeni chooni na kuficha bastola ndani ya nguo zake. Kwake utaona mtazamo na mbinu vikiingia kidogo kidogo, kwa kurudiwarudiwa na kwa muda mrefu, kama Sutherland alivyotaka.

Tommy, yule mwenzao Henry mwenye hasira za ghafla, mwache. Nadharia hii haijawahi kuwa na la maana la kusema juu ya hasira kama yake, na ukimlazimisha utaharibu kazi.

Nafasi ikibaki, mguse Henry wa mwisho wa filamu. Anatoa ushahidi dhidi ya Paulie na Jimmy, anavunja somo lote la mahakamani, lakini kinachomuuma ni maisha mazuri aliyoyakosa. Hakuna aliyemfundisha jingine.

Nitumie rasimu ya pili kabla hujaikabidhi. Mama anakusalimu.

Wako,
Rehema