Maswali ya mafundi yajibiwe hadharani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie namna sisi mafundi wa mitandao ya kompyuta tunavyoulizana na kujibizana.

Miezi michache iliyopita, katika kundi la WhatsApp ambalo nami nimo, kijana anayeanza kazi aliuliza kwa nini nusu ya kompyuta za ofisi fulani hazipati intaneti ilhali nyaya zote ni nzima. Jibu la kwanza lilikuwa, "Rudi darasani." Wengine wakacheka. Baadaye fundi mmoja wa siku nyingi alimfuata pembeni, akamwelekeza, na chanzo kikapatikana: mfanyakazi alikuwa amechomeka ruta ya nyumbani, yaani kifaa cha kusambaza intaneti, chini ya meza yake, nayo ikawa inazigawia kompyuta za jirani anwani za mtandao zisizo za ofisi, zikashindwa kufika kwenye intaneti. Kazi ya kijana iliokoka, lakini jibu lilibaki kati ya simu mbili, na wiki kadhaa baadaye mwenzetu mwingine alikesha na tatizo lilelile.

Intaneti yenyewe haikujengwa kwa kufichana hivyo. Aprili 1969, Steve Crocker, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alianzisha mfululizo wa maandishi ya kiufundi na kuyapa jina la unyenyekevu, Ombi la Maoni. Mwongozo uliotoka mwezi huohuo ulisema ni heri andiko liwahi kuliko lichelewe kwa kupambwa, na kwamba hata sentensi moja inatosha. Maandishi hayo yanasomwa bure hadi leo. IETF, chombo kinachoandaa viwango vya intaneti tangu 1986, hakina uanachama: yeyote anaweza kuchangia, na mijadala yake huhifadhiwa wazi. Mwongozo wake wa mwenendo wa mwaka 2014 unawataka washiriki wapinge wazo kwa hoja, si kwa vitisho wala kumshambulia mtu, na unawaomba hasa wale ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza waseme polepole na wapunguze misimu, kwa kuwa wenzao wengi hawakuzaliwa nacho. Ikiwa wao wanajali hivyo, inaniuma kuona kwetu mtu akikejeliwa kwa kuuliza tu, tena kwa Kiswahili chetu.

Nawaomba wasimamizi wa makundi yetu wakataze kejeli, na kila tatizo lililotatuliwa liandikwe mahali ambapo hata asiye mwanakundi atalikuta, baada ya kuondoa majina ya wateja na nywila. Yapo ya kusitiriwa kwa muda, hususan udhaifu wa kiusalama, ambao kwanza aambiwe mwenye mfumo apate nafasi ya kuuziba. Lakini hayo ni machache.

Mimi nimeanza na ile ruta ya chini ya meza. Nimeandika dalili zake na namna ya kuisaka, kwa Kiswahili, na yule kijana amekubali kuyapitia maelezo hayo kabla sijayaweka wazi.

Fundi mitandao,
Tanga