Mturudishie ukurasa wa mashairi

Mhariri,

Mke wangu alipofariki mwaka juzi, watu walijaa matangani siku tatu, kisha nyumba ikawa kimya. Wengi waliniambia nijikaze. Sijui mtu anajikazaje saa nane usiku.

Kilichonishika mkono ni mashairi. Marehemu alikuwa akiyakata magazetini na kuyabandika kwa uji wa muhogo kwenye daftari la hesabu la mtoto. Nikawa nalifungua usiku, nasoma kwa sauti, nahesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, nane kwenye utao, nusu ya pili. Pumzi hufuata hesabu hiyo na kifua hulegea. Pembeni ya ubeti mmoja ameandika kwa penseli, "kina kimevunjika hapa." Nilicheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa mkali wa vina kuliko wa chumvi.

Jumamosi nyingine hupanda daladala hadi Msasani kwa wachoraji wa Tingatinga, wanaoendeleza mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968. Harufu ya rangi ya mafuta, redio inapiga zilipendwa, na hakuna anayeniuliza nanunua nini. Nakaa tu.

Ombi langu ni dogo. Siku hizi nikifungua gazeti nakutana na mikeka ya kubeti kabla ya shairi, kama shairi lenyewe lipo. Tupeni hata robo ukurasa Jumapili. Daftari bado lina karatasi 11 tupu, na muhogo haujaisha sokoni.

Mgane,
Mbagala, Dar es Salaam