Ripoti ni dola 7, sisi tunatoza 45: hizo 38 ni za nini?

Septemba ikikaribia, ujumbe kwenye WhatsApp ya ofisi yetu ya kujazia watu fomu za biashara huwa ni ule ule. “Dada, nimeona ripoti ya LLC Pennsylvania ni dola 7. Mbona nyie mmenikata 45?” (LLC ni kampuni yenye dhima ya kikomo, na hapa jimbo la Pennsylvania, Marekani, inajaza ripoti kila mwaka.) Mteja mmoja hakuishia kwetu, alikwenda kulalamika kwenye grupu la jumuiya kwamba tunakula jasho la ndugu zetu. Basi tujibu mbele ya wote.

Dola 7 ni kweli, ndiyo ada ya serikali, na ipo kwenye risiti tunayokupa. Mwenye kuelewa fomu aingie kwenye tovuti ya Idara ya Jimbo la Pennsylvania, afungue akaunti, ajaze mwenyewe. Hatumzuii mtu. Kazi yetu inaanza pale ambapo hukujua kama kuna ripoti.

Wakongwe mnakumbuka zamani Pennsylvania ilikuwa na taarifa ya kila miaka kumi, na wengi hawakuijaza kabisa, maana wakati wake ukifika biashara yenyewe ilishafungwa au imeuzwa. Sheria namba 122 ya 2022 ikaifuta, na tangu 2025 ripoti ni ya kila mwaka. Kampuni za hisa mwisho wao ni Juni 30, LLC ni Septemba 30, aina nyingine, kama ubia, ni Desemba 31. Kampuni mpya inaanza mwaka unaofuata ule iliosajiliwa. Miaka miwili ya kwanza jimbo liliamua kutoadhibu mtu, na hapo ndipo watu walipozoea vibaya. Kuanzia ripoti za 2027 mchezo umekwisha: miezi sita ikipita baada ya tarehe ya mwisho, kampuni inafutwa, na jina lako liko wazi kwa yeyote anayelitaka.

Sasa, anuani. Jimbo linatuma taarifa ya kukumbusha kwenye ofisi iliyosajiliwa, yaani ile anuani uliyoandika siku ya kufungua kampuni. Mama mmoja mteja wetu, mwenye duka la unga, dagaa na mawese, aliandika apatimenti aliyokuwa akiishi wakati ule. Alishahama mara kadhaa, barua zikawa zinapokelewa na watu asiowajua. Na sheria haisemi “kama hukuona barua, umesamehewa”. Sisi kabla ya kugusa ripoti tunafungua kwanza rekodi ya kampuni, tunalinganisha jina, namba ya usajili, anuani, na watu wanaotajwa kuwa wasimamizi. Mara nyingi kuna kitu hakilingani. Sanduku la posta peke yake halikubaliki kama ofisi iliyosajiliwa, na bado watu wanatuletea kila mwaka.

Halafu zipo barua zisizotoka serikalini. Zina nembo inayofanana na ya serikali, maneno makali, tarehe ya mwisho kwa wino mwekundu, na zinadai dola mia na zaidi kwa ripoti hiyo hiyo ya dola 7. Kijana mmoja wa malori alilipa bila kuuliza mtu, kisha akaja kutwambia sisi ni ghali.

Lalamiko la pili ni la BOI, ile ripoti ya wamiliki halisi wa kampuni. Mwaka 2024 tuliwajazia wengi, tukatoza. Machi 2025 Hazina ya Marekani ikaondoa sharti hilo kwa kampuni zilizoundwa ndani ya Marekani, na watu wakaja kudai pesa zao. Hatukurudisha, na hatuoni aibu kusema hivyo. Siku tuliyoijaza ilikuwa sheria, adhabu yake ilizidi dola 500 kwa siku, na kazi ilifanyika. Kinachotusumbua zaidi ni maneno yanayozunguka sasa kwamba “ripoti imefutwa”. Iliyofutwa ni ya serikali kuu. Ya jimbo ipo, na inaangaliwa na ofisi tofauti kabisa.

Ila kinachowamaliza watu wetu kuliko yote ni kufungua kampuni kwenye majimbo ya Wyoming na Delaware. Mtu ameona video, kaambiwa huko hakuna kodi, jina halionekani, gharama ni ndogo. Anafungua LLC Wyoming kwa dola 100, lakini lori linalala Harrisburg, wateja wako Lancaster, na yeye mwenyewe analala Pennsylvania. Kodi ya mapato anailipa anapofanyia kazi, Wyoming haimpunguzii kitu. Analipa Wyoming angalau dola 60 kila mwaka, analipa wakala wa kumpokelea barua kule kila mwaka, na bado anatakiwa ajisajili hapa kama kampuni ya nje, yaani iliyofunguliwa jimbo lingine, kwa dola 250, halafu ajaze ripoti ile ile ya dola 7. Angefungua hapa hapa tangu mwanzo, ni dola 125 mara moja. Aliyechagua Delaware ndiyo zaidi: kodi ya LLC huko ni dola 300 kwa mwaka, uwe umepata faida au hukupata.

Kaka mmoja wa kusafisha maofisi alikuwa hivyo, na hakujisajili hapa. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mkandarasi mkubwa alipokataa kumlipa. Alipofika kwa wakili akaambiwa kampuni ya nje isiyosajiliwa haiwezi kuendesha kesi ya kudai katika mahakama za Pennsylvania mpaka isajiliwe kwanza. Mkataba wake ulikuwa halali, deni halali, lakini ilibidi alipie usajili kwanza, huku mkandarasi akipata muda wa kuhamisha kazi kwa mwingine. Na kampuni za nje zikifutiwa usajili kwa kukosa ripoti, haziwezi kuhuishwa kama za hapa. Zinaanza upya, dola 250 nyingine.

Jambo moja hatulifanyi: mikataba ya wabia. Sisi si mawakili. Mwaka jana wabia wawili walisimama mbele ya meza yetu, mmoja akitaka jina la mwenzake lisitokee kwenye ripoti. Tulifunga kompyuta tukawaelekeza kwa wakili.

Mwenye LLC alete namba ya kampuni, anuani anayoishi au kufanyia kazi leo, na majina ya wasimamizi kama yalivyo kwenye vitambulisho. Leteni Agosti, si Septemba 29 usiku. Ukianza mwenyewe ukakwama katikati, bei yetu inabaki 45. Kurekebisha kilichokwishatumwa kimakosa kuna bei yake, na hiyo tunakutajia baada ya kuona ulichokituma.