Kolu ya Jumamosi: Canada si Toronto peke yake

Habari zenu wanagrupu, shkamooni wakubwa. Jumamosi saa mbili usiku saa za Toronto tuna kolu yetu, mada ni wapi pa kuishi na kazi zipo wapi, maana naona kila anayefika anang'ang'ania Toronto halafu analia kodi ya nyumba 😅

Jamani hii nchi ina majimbo 10 na teritori 3, eneo lote karibu kilomita za mraba milioni 10, na kila upande unakula kwa jasho lake. Alberta ni mafuta, na yale ya Fort McMurray sio ya kuchimba kisima yakaruka juu, yamegandana na mchanga, wanachota mchanga wenyewe au wanapuliza mvuke chini ndo yalainike, kwa hiyo gharama iko juu na bei ya dunia ikishuka kama 2014 watu wanapigwa chini kazini, msiende kichwa kichwa. Saskatchewan jirani yake watu wanaidharau, kumbe ngano ipo na potashi ya mbolea wanauza mpaka nje. Quebec umeme wa maji, ndo maana viwanda vya alumini viko kule (Kifaransa lazima lakini!). Newfoundland waulizeni wazee wa kule, 1992 serikali ilifunga uvuvi wa chewa (cod), samaki walikuwa wameisha, maelfu wakabaki bila kazi.

Aliyeko Manitoba au Halifax anijibu hapa, nataka mmoja aongee dakika 10. Linki natuma Ijumaa.