Koki moja tu, mbona bei hiyo?

Sisi mafundi wa boti tunapata malalamiko yaleyale kila mwezi: "Koki ya inchi moja na nusu nimeiona dukani Kampala, haifiki hata robo ya bei uliyoniandikia." Juzi bosi mmoja hakuishia hapo, akasema tunamla pesa. Basi tuliweke wazi.

Koki yetu hufunga bomba linalopita kwenye tumbo la boti; uliyoiona ni ya bomba la nyumbani. Ni ya brasi, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Ikikaa majini miaka, zinki huliwa taratibu na shaba inayobaki hugeuka rangi ya waridi, ikavunjika kama biskuti iliyolowa. Kwa nje unaiona nzima. Kuna boti ilipandishwa mwalo wa Kasenyi, hupeleka wageni visiwa vya Ssese. Fundi wetu alishika mpini wa koki ya sinki kwa mkono mtupu, hata spana hajachukua, shingo ikakatika. Wiki hiyohiyo ilikuwa imevusha abiria. Mtatuambia Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, si bahari. Kweli, maji baridi hula polepole kuliko ya chumvi, lakini hula. Sisi tunafunga bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, au plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya boti, si ile PVC ya bafuni.

Halafu thredi, ile mistari ya kuzungushia. Bomba linalopita kwenye tumbo la boti lina thredi zilizonyooka, na koki nyingi za nyumbani zina thredi za kuchongoka. Ukizifunga pamoja zinashika mizunguko miwili mitatu, kisha zinakwama. Fundi wa haraka husema "imekaza". Siku mtu anakanyaga hapo akitafuta kamba, inang'oka. Tundu la inchi moja na nusu, nusu mita chini ya mstari wa maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Piga hesabu pampu yako inatoa ngapi.

Sasa bei. Mimi kazi nilijifunzia Mombasa. Huko boti ndogo unaiegesha kwenye mchanga, maji yakipwa unafanya kazi chini yake, yakijaa inaelea yenyewe. Hapa ziwani hakuna kupwa wala kujaa kwa kukufaa, kwa hiyo boti lazima ivutwe nchi kavu, na sehemu kubwa ya pesa inaishia kwenye winchi na vijana wa kuvuta, si kwetu. Ukiwa na koki tatu za zamani, zibadilishe zote safari moja. Tunawaambia wateja hivyo kila mara, wanadhani tunatafuta kazi.

Wanaotaka kukwepa winchi hutuomba tupake silikoni kwa ndani. Mteja mmoja wa Ggaba alimpata wa kumfanyia. Sasa, gundi inatakiwa ikae chini ya kofia ya bomba iliyo nje ya boti, kati ya kofia na faiba; ukipaka ndani unayafungia maji yasionekane tu. Na boti yake ilikuwa ya faiba yenye plaiwudi katikati. Maji yakatambaa ndani ya mbao hadi sakafu ikawa inabonyea ukikanyaga. Tukakata kipande kikubwa kuliko mlango. Pesa aliyolipa ingebadilisha koki za boti nzima, na hata hivyo alinuna.

Ndiyo maana tukitoboa hatufungi siku hiyo. Tunachimbua mbao kuzunguka tundu, tunajaza epoksi, gundi inayoganda ngumu, tunaiacha ikauke kabisa, ndipo tunatoboa upya katikati yake. Ndani tunaweka kibao cha kubeba uzito wa koki, na kila mpira tunaufunga klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Ukipita ukaona mafundi wamekaa wanakunywa chai, epoksi inafanya kazi. Boti ikirudi majini tunazungushia kila kiungo karatasi ya chooni na kuiacha usiku kucha. Karatasi ikilowa hata kwenye ukingo, tunaivuta boti tena kwa gharama yetu.

Kigingi cha mti kilichofungwa kwa kamba kando ya kila koki, cha kuziba tundu koki ikivunjika, ni bure, msikitumie kuwashia mkaa. Na mpini uzungusheni mara kwa mara, usije ukagoma siku mnayouhitaji.

Ukitaka kuleta koki yako, ilete. Ikiwa bronzi na thredi zinalingana, tutaifunga na utalipa ufundi tu. Ya brasi hatuifungi, hata ukisaini karatasi.