Kwa Zainabu, kuhusu mgongo wa shemeji

Kampala, Jumapili jioni

Dada Zainabu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, watoto wazima, Hajati anakusalimu na bado anaulizia simsim yake. Habari nyingine zitafuata, maana ujumbe wako wa jana umeniondolea utulivu.

Uliuliza jambo moja: je, muuze mbuzi ili shemeji aje huku kupigwa MRI ya mgongo, ile picha ya mashine ya sumaku? Lakini katikati ukapenyeza mengine mawili kana kwamba hayana uzito: suruali zinamvuka, na usiku anatoa jasho mpaka shuka inalowa. Nitaanza na hiyo MRI, kisha nitarudi hapo.

Maumivu mengi ya mgongo hayana ugonjwa mkubwa ndani yake. Ni misuli, viungo vidogo vya pingili (mifupa ya mgongo), au disiki (mito laini iliyo kati yake), na kwa kawaida hupungua sana ndani ya wiki 6 hata bila picha yoyote. Tena picha inaweza kupotosha. Ukiwapiga MRI watu wa miaka ya ishirini ambao hawaumwi kabisa, 37 katika kila 100 utawakuta na disiki zilizochakaa. Wa miaka ya themanini ni 96 katika 100. Mtu anapewa karatasi inasema disiki imetokeza, anaogopa, anaacha kuinama, na misuli inazidi kulegea. Kwa mgongo wa namna hiyo ningekwambia: asilale zaidi ya siku moja au mbili, atembee dakika 10 mara tatu kwa siku na kuongeza kidogo kidogo, anywe ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku baada ya chakula, isizidi wiki moja, na asiinywe kama ana vidonda vya tumbo, figo mbovu au presha. Ule mkanda wa kiuno anaouza jirani yenu, aachane nao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halishauri mikanda hiyo kwa maumivu sugu ya mgongo.

Ila shemeji si wa namna hiyo, Zainabu. Maumivu yake yana miezi mitatu na yanaongezeka badala ya kupungua, anakonda, anatoa jasho usiku. Mambo hayo yakikutana, la kwanza kufikiriwa hapa kwetu ni TB ya uti wa mgongo. Najua utasema hakohoi. Wengi wenye TB ya mgongo hawakohoi. Vijidudu hutoka kwenye mapafu kwa njia ya damu, hukaa kwenye pingili, mara nyingi zile za katikati ya mgongo au pale mgongo unapokutana na kiuno, na kula mfupa polepole. Pingili ikiporomoka mbele, nundu hutokea nyuma. Usaha au mfupa ukiusukuma uti wenyewe, miguu hufa ganzi na mtu anaweza kupooza. Ikigunduliwa mapema inatibika kwa vidonge, na vidonge hivyo ni bure katika hospitali za serikali. Kozi ya mifupa huwa ndefu kuliko ile miezi 6 ya mapafu, na haikatizwi hata akipata nafuu.

Kwa hiyo kesho asubuhi mpeleke Hospitali ya Rufaa hapo hapo Arua. Usianze na MRI. Anza na daktari atakayemvua shati. Ampapase pingili moja moja na kuzigonga taratibu kwa ngumi: pakiwa na sehemu moja inayouma kuliko nyingine, hiyo ni habari kubwa. Amwambie atembee kwa visigino, kisha kwa vidole. Amnyanyue mguu ulionyooka akiwa amelala chali. Maumivu yakishuka kupita goti, huenda neva inabanwa. Kisha ombeni eksirei ya mgongo na ya kifua, kipimo cha damu cha ESR, kinachodokeza kama kuna ugonjwa unaowaka mwilini, na kipimo cha VVU, maana VVU huifungulia TB njia. Eksirei ikiwa safi msirudi nyumbani mkifurahi, kwani mwanzoni ugonjwa huu hauonekani humo. Hapo ndipo MRI inapokuwa na maana, na daktari ndiye ataiandika.

Waambie pia kama anakunywa maziwa mabichi. Bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa, nayo huleta homa, jasho na maumivu ya mgongo, na dawa zake ni tofauti.

Na zile sindano za maumivu anazochomwa shemeji kliniki: aziache. Kama zilikuwa na deksamethasoni, ndiyo maana alipata nafuu ya siku chache. Dawa hiyo hutuliza maumivu huku ikidhoofisha kinga, na maambukizi yanaendelea chini kwa chini. Mzee wa kukanda naye asimguse, asimvute wala kumkanyaga mgongo, mpaka ijulikane mfupa uko salama.

Yakitokea haya usingoje kesho, hata kama ni usiku wa manane: mkojo kukwama au kumtoka bila kujua, ganzi kwenye sehemu zinazokalia tandiko la baiskeli, au mguu kukosa nguvu.

Na wewe, ile shingo yako inayouma haijaniogopesha. Inua kazi ikufikie machoni badala ya kuinamia cherehani, simama kila nusu saa, na jerikani ya lita 20 ni kilo 20 juu ya shingo. Beba mbili za lita 10, moja kila mkono. Ila vidole vikianza kushindwa kufunga vifungo au ukipepesuka ukitembea, niambie siku hiyo hiyo.

Sasa nijibu. Maumivu yako wapi hasa, katikati ya mgongo au kiunoni? Yanamwamsha usiku? Kuna nundu, hata ndogo, ukipitisha kiganja? Anakojoa vizuri? Yule mjomba wake aliyeishi kwenu mwaka jana, alikuwa anatibiwa nini? Maziwa ya Kassim mnachemsha, au shemeji bado anayanywa mabichi? Karatasi ya zile sindano unayo? Ipige picha unitumie leo, kabla hamjalala.

Dada yako,
Rehema